Fumbo Lina Wenyewe

Hadithi ya kusaka hazina haihitaji vifaa vingi. Ramani iliyochakaa, mlango mzito, laana ya watu wa kale na mgeni mwenye haraka, basi. Waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imepita mikononi mwa vizazi vya wasomaji wetu, wanaujua mpango huo hata wakiamshwa usiku wa manane: wageni wanavuka jangwa, wanaingia pangoni, wananusurika, wanatoka na almasi mifukoni. Miaka 17 kabla yake Wilkie Collins alikuwa ameandika The Moonstone, kisa cha almasi iliyoporwa India, ambayo zamani ilipamba sanamu ya mungu wa Kihindu. Na mwaka 1984 sinema ya Indiana Jones ikawashusha watazamaji chini ya ardhi, kwenye hekalu la kubuni la India ambamo watu wanang'olewa mioyo wakiwa hai. Watu walilipa kiingilio, wakapiga mayowe, wakarudi makwao wameridhika.

Nami ni mmoja wao. Naandika hadithi za mikasa kwa ajili ya vijana, na sioni haya kusema kwamba mlango uliofungwa bado unanisisimua. Ila kadiri ninavyosoma na kutembea, ndivyo ninavyozidi kuamini jambo ambalo hadithi hizo hulipita mbio: fumbo lina wenyewe. Nyuma ya kila mlango wa kale wapo waliouchonga, wapo waliouchunga, na wapo wanaoishi jirani nao mpaka leo. Namna mtu anavyowachukulia hao ndiyo inayoamua kama yeye ni msafiri au ni mwizi.

Kwa mtu wa pwani yetu hekalu la Kihindu si kitu cha sinemani tu. Ukipita Kisutu, Dar es Salaam, unapita mbele ya mahekalu. Mombasa yapo, na Unguja yapo. Wengi wetu tumeyapita tangu utotoni bila kuuliza lolote. Yale ya kale kabisa niliyafikia kwa safari isiyo ya kishujaa. Nilimsindikiza shangazi Chennai kwa matibabu, kama wanavyofanya Watanzania wengi, na wakati wa kusubiri majibu ya vipimo akanifukuza hospitalini. "Nenda katembee, mwanangu," aliniambia. "Ukinikodolea macho hivyo hata dawa haitafanya kazi." Nikapanda treni ya kusini kwenda Thanjavur.

Huko ndiko Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Chola, alikomjengea mungu Shiva hekalu la Brihadisvara, lililokamilika mwaka 1010. Mnara wake una zaidi ya mita 60, wa mawe ya graniti, katika uwanda wa mashamba ya mpunga ambako graniti ilibidi iletwe kutoka mbali. Kijana aliyekuwa akituongoza alituanzia na yale yanayopendwa na wageni. Kwamba jiwe la kileleni ni moja tu, lina tani 80, na lilipandishwa na tembo juu ya mteremko wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa. Kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Hilo la kivuli tulilisikiliza tukiwa tumejibanza ndani ya kivuli chenyewe, maana viatu tulikuwa tumeviacha mlangoni na sakafu ya ua ilikuwa inaunguza nyayo. Hakuna aliyebisha. Hadithi nzuri ina heshima yake.

Kisha akatupeleka kwenye kuta za msingi. Zimejaa maandishi ya Kitamil. Si mistari miwili mitatu ya kumsifu mfalme. Ni daftari zima la utawala lililochongwa juu ya jiwe. Rajaraja aliagiza yaandikwe aliyoyatoa yeye, aliyoyatoa dada yake Kundavai, na yale yaliyotolewa na wake zake na watu wengine. Imeandikwa kwamba siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake alikabidhi chungu cha shaba cha kuwekwa kileleni. Yameandikwa majina ya wanawake 400 waliotolewa katika mahekalu mbalimbali ya ufalme waje kucheza na kuhudumu hapo. Kila mmoja ametajiwa nyumba yake, ni ya ngapi na iko mtaa gani, na fungu lake la mwaka, vipimo 100 vya mpunga. Wanafuata walimu wa ngoma, wapiga ngoma, washonaji, wafinyanzi, wafua nguo, vinyozi na wahasibu.

Nilirudi Chennai na daftari limejaa, nikamsimulia shangazi. Yeye amepika harusi za Tanga zisizo na idadi, kwa hiyo tani 80 hazikumshtua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mawili tu. "Hao wanawake mia nne, nani aliwauliza kama wanataka kuhama kwao? Na huo mpunga aliutwanga nani?"

Maswali hayo hayana jibu ukutani. Lakini yasingeulizwa kama ukuta usingekuwa na majina, na hilo lilinifundisha kitu kuhusu mafumbo. Tumezoea kudhani kwamba maarifa yakiingia fumbo hutoka, kwa hiyo mwandishi wa mikasa afadhali asisome sana asije akajiharibia. Thanjavur inasema vingine. Asiyejua lolote anaona mnara mrefu, anashangaa, anaondoka. Anayejua kwamba palikuwa na nyumba 400 zenye wakazi waliotajwa kwa majina ndiye anayekosa usingizi.

Hekalu hilo lina ushahidi mwingine wa jambo hili. Mwaka 1931 mtafiti S. K. Govindaswami aliingia kwenye ujia wa giza unaozunguka chumba kitakatifu, akaona kwamba chini ya michoro ya karne ya 17 iliyoanza kubanduka kuna michoro mingine, ya zama za Chola wenyewe. Vizazi na vizazi vya watu walikuwa wamepita hapo wakiamini wanaona ukuta, kumbe wanaona tabaka la juu tu. Nadhani hivyo ndivyo tunavyoishi hata na watu wa nyumbani. Unamfahamu baba yako kama mzee mkali wa kuhesabu chenji, mpaka siku ya msiba wake aje rafiki yake wa ujanani akueleze jinsi alivyokuwa akiimba kwenye taarabu. Hapo ndipo unapoanza kumtafuta, wakati umeishi naye miaka yote.

Kuna namna ya kuliua fumbo, nayo ni kuwanyang'anya waliolitengeneza. Ellora, katika jimbo la Maharashtra, kuna hekalu la Kailasa, lililochongwa karne ya 8 wakati wa mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Halikujengwa, limetolewa ndani ya mwamba mmoja, kuanzia juu kwenda chini. Mafundi walianza na kilele wakamalizia na miguu ya tembo wanaoonekana kulibeba. Katika kazi ya namna hiyo tindo ikiteleza hakuna jiwe la kubadilisha. Leo si kazi kukuta vipindi na video zinazodai kwamba mikono ya binadamu isingeweza, lazima walishuka viumbe kutoka sayari nyingine. Wanaosema hivyo wanajiona wanaongeza maajabu, kumbe wanayapunguza. Hati ya shaba iliyotolewa mwanzoni mwa karne ya 9 na tawi la ukoo huo huo inasimulia kwamba fundi mwenyewe alipomaliza alistaajabu, asielewe aliwezaje kufanya kazi ile. Muulize seremala yeyote wa Lamu aliyemaliza kunakshi mlango mkubwa. Atamwelewa fundi huyo bila kuhitaji maelezo ya sayari.

Ugonjwa huu Afrika tunaujua. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akachukua kipande cha mbao mlangoni, akakilinganisha na kalamu yake ya risasi iliyotengenezwa kwa mti wa mwerezi. Akaona vinafanana kwa rangi na harufu, akahitimisha kwamba mbao zile ni za Lebanoni na kwamba mwenye jumba ni Malkia wa Sheba. Kalamu ya risasi ilitosha kuwafuta mababu wa Washona. Riwaya ya Haggard ilizaliwa katika hewa hiyo hiyo, ya kuona mawe ya Afrika na kuwatafuta wajenzi wake kwingine. Ilibidi waje wanaakiolojia, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, waoneshe kwamba wajenzi ni Waafrika wa hapo hapo. Humo magofuni imepatikana pia sarafu ya Kilwa, na ukiifuata hiyo unapata safari ya dhahabu kutoka bara hadi Sofala na visiwani kwetu, yenye wapagazi, madalali na manahodha. Mimi naona hiyo ni riwaya bora kuliko ya Malkia wa Sheba, na watu wake wote walikuwepo kweli.

Kisha yupo mwandishi aliyeingia hekaluni na msumeno. Desemba 1923 kijana Mfaransa wa miaka 22, André Malraux, alifika Kambodia na mkewe Clara na rafiki yao Louis Chevasson. Fedha zilikuwa zimemwishia. Wakasafiri msituni mpaka Banteay Srei, hekalu dogo la Shiva lililowekwa wakfu mwaka 967, la mawe mekundu-waridi yaliyonakshiwa hadi unadhani ni mbao. Wakakata sanamu ukutani, wakazipakia kwenye masanduku ili wakauze ng'ambo. Phnom Penh wakakamatwa. Julai 1924 Malraux alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Waandishi wenzake Ufaransa wakamtetea, na katika rufaa adhabu ikawa mwaka mmoja wa nje. Mwaka 1930 akatoa riwaya, La Voie royale, ya Wazungu wawili wanaopenya msituni kutafuta sanamu za mahekalu. Mwaka 1959 akawa waziri wa utamaduni wa Ufaransa.

Kisa hiki hunirudia mara nyingi, kwa sababu Malraux hakuwa mjinga wala mtu asiyependa sanaa. Aliipenda. Alizisoma habari za mahekalu ya kale ya Kambodia kuliko wengi waliomhukumu. Upendo ule ulikosa kitu kimoja, kukiri kwamba kile anachokipenda ni cha mtu mwingine. Na serikali ya kikoloni iliyomshtaki ilikuwa nayo inajiona mmiliki halali wa msitu uleule na mawe yaleyale. Wenyeji wa Kambodia hawakuulizwa na upande wowote. Nikiandika sasa, kila mhusika wangu anapotaka kuchukua kitu, jiwe au picha au hata siri ya mwenyeji wake, namwuliza swali ambalo Malraux hakujiuliza: kitabaki nini hapa ukishaondoka?

Mlango wenye sifa kuliko yote siku hizi uko Thiruvananthapuram, Kerala, katika hekalu la Sri Padmanabhaswamy. Mwaka 1750 mfalme Marthanda Varma wa Travancore aliukabidhi ufalme wake kwa mungu Vishnu wa hekalu hilo, akabaki kutawala kama mtumishi wake. Mwaka 2011, kutokana na kesi iliyofunguliwa na mwanasheria T. P. Sundararajan, ofisa wa zamani wa polisi, Mahakama ya Juu ya India iliagiza vyumba vya hazina vifunguliwe na mali iorodheshwe. Yakatoka mataji, minyororo ya dhahabu, sarafu na vito; magazeti yakakadiria thamani yake kuwa zaidi ya rupia trilioni moja. Chumba kimoja, kilichopewa herufi B, hakikufunguliwa. Haikupita muda mrefu mlalamikaji akafariki. Dunia nzima ikaanza kusimuliana habari za laana, za nyoka walinzi, na za mlango usiofunguka ila kwa dua moja ya siri.

Mwaka 2014 mkaguzi aliyeteuliwa na mahakama, Vinod Rai, aliripoti kwamba chumba hicho kilikuwa kimefunguliwa si chini ya mara 7 tangu 1990. Mpenzi wa laana anaweza kuvunjika moyo akisoma taarifa hiyo. Mimi ilinichangamsha. Mlango usiofunguka ni hadithi ya mlango. Mlango uliofunguliwa na kufungwa tena kimyakimya ni hadithi ya watu. Nani alishika funguo? Nani alisimama nje akingoja? Usiku ule mmoja wao alimwambia nini mkewe?

Huyo Sundararajan tusimchanganye na wasaka hazina. Alikuwa mcha Mungu wa hekalu lilelile, akiishi jirani nalo, na alikwenda mahakamani kwa sababu alihofia mali ya mungu wake haitunzwi vizuri. Wapo waumini wengine waliopinga kufunguliwa kwa chumba B kwa sababu ileile ya kumheshimu mungu huyo. Mwaka 2020 mahakama ilitambua nafasi ya ukoo wa kifalme katika kulisimamia hekalu, na suala la chumba B likaachiwa kamati za hekalu. Ukiwa mbali unaona ubishi wa dhahabu. Ukisogea unaona jamaa wa nyumba moja wakivutana juu ya namna ya kumtunza mzee wao. Katika ugomvi wa namna hiyo mgeni ana ruhusa ya kusikiliza. Hana ruhusa ya kuleta nyundo. Nyumbani kwetu pia yapo mambo ambayo wazee wakiyafikia katika mazungumzo husema "hilo liacheni", na nimejifunza kutofautisha ukimya unaomficha mkosaji na ukimya unaomsitiri aliyeumizwa. Wa kwanza unastahili kuvunjwa, na aliye ndani ya nyumba ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuvunja. Wa pili nauacha.

Lakini wakati mwingine mtu hujikuta naye ni mwenye fumbo. Konark, pwani ya Odisha, mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alijenga katikati ya karne ya 13 hekalu la Jua lenye umbo la gari la kukokotwa, na magurudumu 24 ya mawe. Miongoni mwa michongo yake isiyohesabika upo mmoja ambao wataalamu wengi wamemwona ndani yake mnyama mwenye shingo ndefu akiletwa mbele ya mfalme aliyepanda tembo. Ni twiga. Twiga si mnyama wa India. Alivuka bahari, na pwani inayosafirisha twiga tunaijua: mwaka 1415 Malindi ilipeleka mmoja hadi China.

Jiwe la Konark halisemi twiga huyo alipakiwa bandari gani. Lakini mtu wa pwani hahitaji kuambiwa yote. Chombo kinachotoka huku kwenda India kinangoja kusi. Mnyama mrefu kuliko chumba hawezi kukaa chini ya sitaha, na bahari ya kusi haina mchezo. Kuna aliyemkatia majani ya kutosha safari nzima, aliyemgawia maji wakati mabaharia wenyewe wanapimiwa, aliyemtuliza usiku chombo kilipoyumba. Huyo huenda alikuwa mtu wetu. Hekalu la Kihindu, kwenye bahari ya upande wa pili, limeweka kumbukumbu ya mzigo wake na kulisahau jina lake. Hapo sihitaji kuomba ruhusa ya mtu kusimulia. Nahitaji tu kumtendea haki.

Fasihi yetu ilikwisha kuonesha njia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale, alikiweka kifo kwenye mzimu, mahali pa kale panapoogopwa. Angeweza kutuletea mgeni wa kuja kufukua. Alituletea Bwana Msa, mtu wa hapo hapo mwenye kiko na subira, ambaye kazi yake kubwa ni kuwahoji watu na kuzijua tabia zao. Mzimu unabaki na hofu yake, na wanaouzunguka wanabaki binadamu, wenye wivu, mapenzi na hesabu za urithi.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi kuandika safari na mikasa, simwelekezi kwenye ramani. Namwambia atafute mahali pa kale popote panapomshangaza, kisha aulize nani alilipwa, nani hakulipwa, nani alihamishwa, na nani anafagia hapo leo asubuhi. Akipata majibu manne ya kweli, hatari na mapenzi vitajileta vyenyewe. Na kama hana nia ya kuandika, maswali hayo yatamfaa vilevile akiolewa katika ukoo mpya, akihamia mtaa mpya au akianza kazi mahali penye wakongwe.

Hadithi ninayoiandika sasa iko Thanjavur, mwaka ule wa 1010. Mhusika wangu ni mhasibu kijana wa hekalu, aliyetumwa kuhakiki orodha kabla mchongaji hajaigusa kwa tindo. Nyumba ni 400, majina ni 400, mpunga umetoka wa watu 400. Anagonga mlango mmoja katika mtaa wa kusini, anafunguliwa na mwanamke asiyejua kucheza hata hatua moja, mwenye mikono ya mtu aliyetwanga nafaka maisha yake yote, anayeitikia jina lisilo lake. Kesho asubuhi jina hilo litaingia kwenye jiwe na halitafutika tena. Mkasa umeshaanza, na sijamhitaji mgeni hata mmoja wa kuja kuuanzisha.